Bakora ya marehemu baba na magongo ya dukani: mama ashike kipi, na kwa mkono upi?

"Mama yangu ana miaka 68, tunaishi naye Mbagala. Mwaka jana hospitali walimpiga picha ya eksirei wakasema nyonga ya kulia imesagika. Alikuwa anatembelea bakora ya marehemu baba, akiishika mkono wa kulia kwa kuwa ndio upande unaouma. Ana presha na anameza dawa kila usiku. Ameanguka mara mbili, zote alfajiri akitoka bafuni kuchukua udhu. Baada ya hapo kaka alimnunulia magongo ya kwapani Kariakoo, lakini sasa analalamika kwapa linauma na vidole vinakufa ganzi. Jirani anashauri tumwachishe vyote, ati mguu ukizoea kusaidiwa hautafanya kazi tena. Mimi nilifikiria ile fremu yenye magurudumu, ila ni ghali na uwani kwetu ni mchanga mtupu. Ile bakora nayo mpira wake wa chini uliisha, fundi akapigilia kipande cha tairi kwa msumari. Tufanye nini?"

Ndugu msomaji, barua yako ina maswali matatu yaliyoshikana: mama atembelee kifaa gani, akishike vipi, na kwa nini anaanguka. Nitayajibu yote, lakini lipo jambo moja lisiloweza kusubiri. Kama vidole vinamfa ganzi tangu aanze kutumia magongo ya kwapani, ayaweke kando leo hii. Ndani ya kwapa unapita mshipa wa fahamu unaoshuka hadi mkononi, na mojawapo ya kazi zake ni kuiamrisha misuli inayoinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole. Mtu anapoulaza mwili wake juu ya mito ya magongo, mshipa huo hubanwa kila hatua anayopiga. Huanza maumivu, ikafuata ganzi, na ukizidi kubanwa mkono unaweza kulegea hata kiganja kikaning'inia. Mwombe mama anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama chini, kisha aviinue vitazame mbele. Iwapo mkono mmoja unashindwa au ni dhaifu kuliko mwenzake, mpelekeni hospitali bila kungoja. Mara nyingi nguvu hurudi baada ya mgandamizo kuondolewa, ingawa inaweza kuchukua wiki au miezi, na kadiri unavyoachwa kwa muda mrefu ndivyo kupona kunavyochelewa.

Nakuomba usimlaumu kaka yako, kwa maana alinunua kile ambacho watu wengi hukiona hospitalini. Magongo ya kwapani yana watu wake: aliyevunjika mguu, au aliyefanyiwa upasuaji na kuambiwa asikanyage kwa mguu mmoja. Hata hao hawapaswi kuning'inia kwapani. Uzito wanaubeba kwa viganja, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, na kati ya kwapa na mto wa gongo hubaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu, mto wenyewe ukibanwa ubavuni. Mama yako hajakatazwa kukanyaga. Anachohitaji ni kupunguziwa sehemu ya mzigo unaoishindilia nyonga yake, na kwa kazi hiyo fimbo moja iliyopimwa vizuri inatosha watu wengi.

Hoja ya jirani naisikia mara kwa mara kliniki, na najua husemwa kwa nia njema, lakini inapindua mambo. Kinachodhoofisha mguu wenye nyonga iliyosagika ni maumivu. Mtu akiumia kila anapotembea, hupunguza kutembea. Akipunguza kutembea, misuli ya paja na ya makalio hunywea. Misuli ikinywea, kiungo hukosa wa kukishikilia na maumivu huongezeka. Fimbo inaukata mzunguko huo kwa sababu inampa nafasi ya kufika dukani, msikitini au kwa jirani huyo huyo, na mguu hufanya kazi njia nzima. Kumnyang'anya mama fimbo kutamfanya ashinde kitini, na huko ndiko mguu unakopotelea.

Sasa tuje kwenye mkono, ambao kwangu ndio moyo wa swali lako. Karibu kila mtu huishika fimbo upande unaouma, kwa kuwa akili inasema msaada uwe karibu na kidonda. Kwa nyonga na kwa goti, inatakiwa ishikwe mkono wa upande wa pili. Mama anaumwa kulia, basi bakora iwe mkono wa kushoto.

Sababu yake inaeleweka ukiutazama mwendo kwa makini. Kila tunapopiga hatua kuna muda ambao mwili wote umesimama juu ya mguu mmoja. Mama anapokanyaga kwa mguu wa kulia na kuinua wa kushoto, kiwiliwili kinataka kuangukia upande wa kushoto, ambako hakuna kinachokizuia. Msuli ulio pembeni mwa nyonga ya kulia ndio unaovuta ili kiwiliwili kisiinamie huko. Bahati mbaya msuli huo uko karibu mno na kiungo, kiasi cha sentimita tano hivi, ilhali uzito wa mwili umekaa mbali zaidi, kwa hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayouzidi uzito wenyewe. Nyonga hubeba vyote viwili kwa pamoja, uzito wa mwili na mvuto wa msuli, na ndiyo maana katika mwendo wa kawaida kiungo hicho hupokea takribani mara mbili na nusu hadi mara tatu ya uzito wa mtu. Mama akiwa na kilo 70, kila hatua ya mguu wa kulia inaishindilia nyonga kilo 175 au zaidi.

Bakora ikiwa mkono wa kushoto, inasukuma ardhi umbali wa karibu nusu mita kutoka kwenye nyonga inayouma, tena upande uleule ambao mwili unataka kuangukia. Ni kama mtoto mdogo aliyekaa mwisho kabisa wa ubao wa pembea, ambaye anaweza kumwinua mtu mzima aliyekaa karibu na katikati. Kwa sababu ya umbali huo, msukumo mdogo wa kiganja unaupunguzia msuli kazi kubwa, na kiungo kinapata nafuu ambayo mgonjwa huihisi siku hiyohiyo. Ikishikwa mkono wa kulia, sehemu kubwa ya faida hiyo hupotea, na mama hulazimika kuupindisha mwili juu ya mguu mbovu ili aifikie fimbo. Mwendo sahihi ni huu: bakora na mguu wa kulia vinatangulia pamoja, kisha mguu wa kushoto unapita. Siku mbili tatu za mwanzo atajihisi mzito, akiwa na wewe ubavuni atazoea.

Kanuni hiyohiyo inahusu vikapu. Mzigo ukibebwa mkono wa kushoto unaongeza uzito upande ule ambao msuli wa nyonga ya kulia unahangaika kuuzuia, na hivyo unaiongezea nyonga mateso. Kama ni lazima abebe kitu, kiwe chepesi na kiwe mkono wa kulia, ambao sasa utakuwa wazi. Mkoba wa kuvaa mgongoni ni bora zaidi.

Bakora ya baba haina ubaya wowote kwa kuwa ni ya mti au ni ya zamani. Wasiwasi wangu ni urefu, kwa sababu ilitengenezwa kwa mwili wa mtu mwingine. Fimbo ndefu kupita kiasi hupandisha bega na kuchosha shingo, na kiwiko kikikunjwa sana mkono hukosa nguvu ya kusukuma. Fupi mno humfanya mtu ainame kila hatua. Mpimeni hivi. Mama asimame wima, amevaa viatu anavyotembelea, mikono ikining'inia bila kukaza. Tafuta mkunjo wa kifundo cha mkono, pale mkono unapokutana na kiganja, kisha pima kwa futi kutoka sakafuni hadi hapo. Sehemu ya kushikia ya bakora, mpira ukiwa umeshavalishwa, inatakiwa ifike kwenye kimo hicho. Atakapoishika, kiwiko kitakuwa kimekunjwa kidogo, kati ya nyuzi 20 na 30. Ikiwa ni ndefu, fundi seremala anaweza kuikata kwa dakika chache, lakini mwambieni auvue mpira kwanza, ahesabu unene wake, na akate kidogo kidogo, kwa maana fimbo iliyokatwa kupita kiasi hairudi. Kabla ya kukata, aikague yote: apitishe kidole kutafuta nyufa, atazame matundu madogo ya wadudu na unga wanaouacha, na aikandamize kwa nguvu kusikia kama inalia. Ikiwa na kasoro yoyote kati ya hizo, itunzwe nyumbani kwa heshima ya baba na mama atafutiwe nyingine.

Kipande cha tairi kilichopigiliwa msumari nakuomba kiondolewe kabla mama hajachukua hatua nyingine. Tairi ni gumu, limebetuka, na hugusa sakafu kwa ukingo wake tu. Likilika, kichwa cha msumari ndicho kitakachokanyaga vigae, na chuma juu ya vigae vyenye maji hakina cha kushikilia. Msumari wenyewe pia hupasua ncha ya mti. Mpira halisi wa fimbo umetengenezwa laini, una mapana kuliko fimbo yenyewe na una mistari ya mviringo chini yake inayong'ang'ania sakafu. Huuzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa tiba, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya fimbo mpya. Nendeni na bakora yenyewe dukani, kwa kuwa mipira hutofautiana kwa kipenyo cha tundu, na unaotakiwa ni ule unaoingia kwa kusukumwa na kuzungushwa, usiochomoka kwa mkono mmoja. Kulazimisha mpira mpana kwa kuufungia gundi au kitambaa ndani hakufai.

Ukishapatikana, uwe na mazoea ya kuugeuza na kuutazama kila wiki. Mistari ikifutika, mpira ukilika upande mmoja, ukipasuka au ukianza kuonyesha ncha ya fimbo, ubadilishwe siku hiyo. Mchanga wa uwani kwenu hujazana kwenye mistari na kuufanya uteleze, kwa hiyo uoshwe kwa maji na sabuni, ukaushwe kwa kitambaa. Usipakwe mafuta ya aina yoyote, kwa kuwa mafuta huuharibu mpira, na fimbo isiachwe ikaanikwa juani, maana jua huukausha ukapasuka. Wakati wa masika, mama akiingia ndani kutoka nje, mpira ufutwe mlangoni kabla haujagusa vigae. Mpira mzuri nao huteleza ukiwa na maji.

Mkiamua kununua fimbo mpya ya aluminiamu inayorefushwa, tazameni kitufe cha chuma kinachojitokeza kwenye tundu. Kinatakiwa kitokeze chote na kutoa mlio kinapoingia, na kama kuna pete ya kukaza chini yake, ikazwe ili fimbo isicheze. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi na unyevu: aluminiamu haishiki kutu nyekundu, lakini hutoa unga mweupe unaokwamisha vitufe, huku skrubu na springi za chuma zikioza kimyakimya. Kuifuta kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, na kuisuuza kwa maji yasiyo na chumvi ikienda ufukweni, kunaongeza maisha yake. Mshikio uliolala bapa hueneza uzito kiganjani vizuri kuliko ule uliopinda wa bakora, jambo linalofaa kwa wazee wenye vidole vinavyouma. Soma pia kibandiko kinachotaja uzito unaobebwa.

Ile fremu, ambayo wengi huiita woka, naielewa tamaa yake, kwa sababu inaonekana imara. Na ni imara kweli kwa mtu ambaye miguu yote miwili imedhoofika au ambaye hawezi kusimama bila kuyumba. Lakini inadai mikono yote miwili, haipandi ngazi, na magurudumu yake madogo yatazama kwenye mchanga wa uwani kwenu hadi mama aanze kuivuta badala ya kusukuma, hali inayoweza kumwangusha kwa namna mpya. Isiyo na magurudumu hupita mchangani, ila inainuliwa kila hatua. Ile ya magurudumu manne yenye breki na kiti sipendi inunuliwe kabla mtumiaji hajafundishwa, kwa kuwa haikusudiwi kuegemewa kwa uzito wote, na breki zisipofungwa kabla ya kukaa hukimbia. Kwa hali uliyoieleza, nisingetumia fedha huko sasa. Mtaalamu akimwona na kukuta haja yake, kwanza pimeni upana wa mlango wa bafu, kwa sababu milango mingi ya bafu majumbani kwetu ni myembamba na fremu hubaki nje, hapohapo inapohitajika.

Nimeacha kuanguka hadi sasa kwa kuwa sidhani kama bakora pekee italitatua. Ameanguka mara mbili, wakati mmoja na mahali pamoja: alfajiri, bafuni, akiwa ametoka kulala na amemeza dawa ya presha usiku. Baadhi ya dawa za presha huifanya presha ishuke mno mtu anapoinuka ghafla, ubongo ukakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache, akasikia kizunguzungu. Muulize kama aliona giza kabla ya kuanguka. Kliniki waombeni wampime presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama, na waambiwe wazi kuhusu kuanguka huko; huenda dawa au saa ya kuimeza vikabadilishwa. Asiiache mwenyewe, kwa maana presha isiyotibiwa ina hatari zake kubwa. Wakati mnasubiri, akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili huku akichezesha vifundo vya miguu, ndipo asimame.

Bafuni pawashwe taa, au abaki na taa ndogo kitandani. Malapa yaliyolika yabadilishwe na viatu vyenye mkanda wa nyuma na soli isiyoteleza. Udhu auchukue ameketi kwenye kigoda kizito chenye miguu mipana. Kiti cha plastiki juu ya vigae vilivyolowa miguu yake hutanuka na kuteleza. Fundi afunge bomba imara la chuma ukutani kwa ajili ya kushikia, maana sinki na bomba la maji havikutengenezwa kubeba mtu. Maji yaliyomwagika yakaushwe kabla ya mwingine kuingia. Na ikiwa kushuka na kuinuka kwenye sala kunamtesa, anayo ruhusa ya mgonjwa kusali ameketi, na wengine huwawia vigumu kuanza mpaka watoto wao wawaambie hivyo kwa upole.

Kuhusu ngazi na daladala: akipanda, mguu mzima wa kushoto unatangulia, ndipo wa kulia na bakora vifuate, akishuka, bakora na mguu wa kulia vinatangulia, wa kushoto unabaki juu ukimshikilia. Penye kishikio cha ngazi, akishike, na bakora ihamie mkono wa pili hata kama ni wa kulia. Kwenye daladala akae karibu na mlango, na konda aambiwe mapema kwamba kuna mzee atakayeshuka, ili gari lisimame kabisa.

Kama mama anaona haya kwenda na bakora arusini au msibani, msimlazimishe kwa maneno makali. Nimewaona wazee wakiiacha fimbo nyumbani kwa sababu mtoto mmoja alisema mbele za watu kwamba mama amezeeka. Mpeni nafasi ya kuchagua mshikio na rangi, na mtembee naye polepole.

Yako mambo ambayo maandishi hayatoshi. Akianguka akashindwa kukanyaga, au mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika, asiinuliwe ovyo, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo akigonga kichwa, akipooza ghafla upande mmoja, uso ukipinda au maneno yakimkwama, kwa kuwa hizo tatu za mwisho ni dalili za kiharusi na kila dakika ina thamani. Homa pamoja na maumivu makali mapya ya nyonga, au ganzi ya sehemu za siri na mkojo kutozuilika, navyo visingoje asubuhi.

Hata bila dharura, mama anatakiwa aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia, amwangalie akitembea na kumfundisha mazoezi ya misuli ya nyonga na paja. Kwenu Mbagala, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke ndiyo jirani. Wengine huenda Amana, Mwananyamala, au hospitali ya CCBRT kule Msasani. Kama maumivu yanamwamsha usiku kwa muda mrefu au fimbo na dawa hazimpi tena nafuu, ombeni rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako upasuaji wa kubadilisha nyonga hufanyika. Umri wa miaka 68 peke yake haumzuii. Mkienda, chukueni bakora na magongo yote mawili, viatu anavyovaa kila siku, picha ya eksirei ya mwaka jana, na dawa zake zote zikiwa kwenye pakiti zake.